Nilivyougonga Ukuta wa Bi Kazija

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika mwiko. Nilikwenda nao, mpya, nimeununua Darajani na kuufunga kwa kitambaa kama mtu anayepeleka sahani ya shughuli, nami nikidhani nikifika tu nitaoneshwa ukuta nipige plasta. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini, nimetoka kwetu Makunduchi, na kule nilikwisha kukandika udongo nyumba tatu za miti. Basi nilijiona fundi, tena fundi wa kuogopwa.

Fundi Mkuu wa karakana yetu alikuwa mtu mfupi, mkavu, kofia haimtoki kichwani hata akiwa amerukiwa na chokaa mpaka kwenye nyusi. Aliutazama ule mwiko, akaufungua kitambaa, akautia ndani ya kikapu chake mwenyewe.

"Huu utaupata ukishajua kusikia," akasema.

"Kusikia nini, Fundi?"

"Ukuta. Au wewe umeambiwa ukuta bubu?"

Akanichukua kwenye nyumba moja ya Mkunazini, tukapanda ngazi mpaka juu, akanishika mkono, akanikunja kidole cha kati na kunigongesha ukutani kwa kile kifundo. Plasta iliyoshikana na jiwe, akanionesha, hujibu kwa sauti fupi na kavu. Plasta iliyoachana na jiwe hujibu kama debe tupu. Na ukuta uliokunywa maji haujibu, ni kama unagonga godoro. "Hiyo ya tatu ndiyo ya kuogopa," akaniambia, "kwa sababu mvivu akiisikia hujidai hakusikia kitu."

Wiki tatu kazi yangu ilikuwa hiyo, kugonga na kutia alama kwa kipande cha mkaa. Vifundo vikachubuka. Wenzangu wakipita na ndoo zao wananicheka, "Huyu Mmakunduchi bado anabisha hodi? Hajakaribishwa tu?" Nami nachemka kwa hasira, lakini nagonga. Wiki ya nne Fundi Mkuu alinifunga macho kwa kitambaa, akanizungusha, akanigongesha mahali kumi, na pote kumi nikasema sawasawa. Hapo ndipo aliponirejeshea mwiko wangu. Nyinyi vijana mnaosoma haya, nataka mlishike hilo, kwa sababu ninayokuja kuyaeleza ni ya mtu aliyefunzwa vizuri. Sina udhuru wa kutokujua.

Niwaeleze kidogo kazi yenyewe. Nyumba zetu za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti, yaani miti ya mikoko, ambayo vichwa vyake vimezama ndani ya ukuta. Chokaa tulikuwa tukiipata kwenye tanuu, ambamo mawe ya matumbawe huchomwa mpaka yawe unga. Unga ule haupigwi ukutani siku hiyo hiyo. Unatiwa maji shimoni na kuachwa ulale wiki nyingi mpaka uwe laini kama samli. Ndipo unachanganywa na mchanga, na usije ukachota mchanga wa pwani, kwa maana una chumvi na chumvi haikai ndani, lazima itoke na plasta yako. Plasta ya chokaa hupigwa koti, yaani tabaka, nyembamba nyembamba, moja ikauke ndipo uje na ya pili, na mwisho kabisa tunamalizia na niru, ile chokaa safi iliyochekechwa, inayosuguliwa mpaka ukuta unateleza kama yai.

Ukuta wa namna hiyo unapumua. Ukinywa maji ya mvua huyatoa wenyewe kidogo kidogo. Ukija ukaufunika kwa saruji umeuziba pua, na maji yanabaki ndani yanakula mawe na boriti kimya kimya, huku nje unang'ara. Kila mtu anaijua ile methali ya ufa na ukuta. Sisi mafundi hatuitaji sana, maana haisemi huo ufa uzibwe kwa kitu gani.

Namkumbuka Bwana Msimamizi wa karakana, mtu wa suruali iliyopigwa pasi na kalamu mbili mfukoni, alivyokuja mbio siku moja tukiwa Shangani. "Fundi Mkuu, wageni wanakuja Jumatatu. Chokaa yako itakauka lini? Piga saruji, tumalize."

Fundi Mkuu hakugeuka hata kichwa. "Saruji naiweza, Bwana Msimamizi. Lakini ukuta huu umezoea kupumua tangu mimi na wewe hatujazaliwa. Kama unataka ufe, niandikie kwa kalamu yako moja katika hizo mbili, nami nitaupiga."

Bwana Msimamizi alisimama, akazitazama kalamu zake, akateremka ngazi. Wageni walikuja Jumatatu, wakaoneshwa ukuta mbichi, wakaupiga picha.

Na kulikuwa na desturi moja, ambayo sijaiona kwa fundi mwengine yeyote isipokuwa sisi tuliopitia mikononi mwake. Ukimaliza ukuta hukusanyi vyombo ukaenda zako. Unamwita mwenye nyumba, unasimama kando na mikono nyuma, na yeye mwenyewe anagonga kwa kidole chake popote anapopataka. Akiridhika anasema, "Naupokea." Asiposema neno hilo kazi bado ni yako, hata kama ukuta unapendeza kuliko bibi harusi. Wenye nyumba wengine walikuwa wakiona haya, wanasema, "Aa Fundi, mimi najua nini? Nakuamini wewe." Fundi Mkuu hakubali. "Mimi sikuomba kuaminiwa," anawaambia. "Nimeomba ugonge."

Nyumbani kwake, nyuma ya Malindi, nilikula chakula miaka kama mtoto wa nyumba ile. Mkewe, Bi Kazija, alikuwa amezaliwa humo humo. Nyumba ilikuwa ya babu yake, na Fundi Mkuu alihamia kwake siku ya harusi. Kila akisubiri chai iletwe, yule mzee anagonga ukuta alioegemea. Bi Kazija anatokeza na birika, "Nyumba hii ina mke mmoja na kuta nne, na wanaobembelezwa ni kuta." Tukicheka. Naye mwenyewe, kwa kuishi na mtu yule miaka yote hiyo, alikuwa akigonga bila ya kujijua, anapita na sinia mkononi, kidole kinagusa ukuta, to, to, anapita zake.

Nilihamishwa huku na huku. Nilipelekwa kwetu Makunduchi kupiga plasta majengo ya skuli, huko nikiwa chini ya Mnyapara mmoja mkali aliyekuwa akipima ukuta kwa timazi, ile kamba yenye kipande cha risasi, kisha anapima tena kwa jicho lake bovu na kuliamini jicho. Nikarudi mjini. Halafu kazi za karakana zikapungua, mahoteli yakaota huko kaskazini, na mimi nikaenda Kendwa.

Kendwa ndiko nilikojifunza jipsam. Ni mabodi ya jasi iliyobanwa baina ya karatasi mbili. Unasimamisha fremu, unapiga bodi kwa skurubu, unaziba maungio kwa utepe na uji mweupe wa unga wake, unapiga msasa, unapaka rangi, na kwa siku mbili umemaliza chumba kizima. Hata kukarabati ni raha. Bodi ikitobolewa na kitasa cha mlango unakata pale pabovu mraba ulionyooka, unatia kipande cha mbao kwa nyuma, unaskurubu kipande kipya, utepe, unga, msasa, hapana atakayejua. Si kitu kibaya. Mahali pakavu ni kitu kizuri sana. Lakini jipsam na maji ni kama biskuti na chai.

Nikawa bingwa. Meneja wa Ujenzi akinitembeza kwa wageni wake, "Huyu ndiye Fundi Simai, mikono yake ina mashine." Nami nikivimba kichwa. Nilikuwa nimeshapindukia miaka khamsini, nina vijana kumi na wawili chini yangu, napigiwa simu na hoteli tatu kwa siku moja. Kwa Fundi Mkuu nilikuwa nakwenda sikukuu mpaka sikukuu.

Akafa. Nilimzika kwa mikono yangu, nikarudi na watu mpaka nyumbani kwake, na pale barazani, mbele ya jamaa na majirani, nikasema kwa sauti ya kusikika: "Nyumba hii ni juu yangu. Mama asitie wasiwasi wa ukuta hata mmoja." Watu wakaniombea dua. Ilinipendeza kuombewa dua mbele ya watu, sitaficha.

Haukupita mwezi, akanipigia simu Asha, binti yao, mtu mzima mwenye nyumba yake Fuoni, lakini siku zile alikuwa amehamia kwa mama yake. "Fundi, ukuta wa ukumbini unatoka maji. Mama anasema wewe ulisema."

Nikaomba ruhusa kwa Meneja. Akanipa siku nne. "Ijumaa wageni wanaingia," akasema, "na Ijumaa nataka nikuone hapa kwa macho yangu."

Bi Kazija alikuwa yumo ndani ya eda. Kwa asiyejua, mwanamke aliyefiwa na mumewe hukaa ndani miezi minne na siku kumi, wala haonani na mwanamme anayeweza kumuoa, asiye maharimu wake, na mimi, japo nimekula chungu chake miaka, si maharimu wake. Basi nilipopanda ngazi nilipiga hodi na kukohoa, Asha akaniambia pita, na Bi Kazija akanijibu kutoka chumba cha ndani, nyuma ya pazia la mlango.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za kaskazini?"

"Njema, Mama. Poleni tena."

"Tushapoa. Tazama huo ukuta. Mwenyewe angekuwapo asingelala."

Nikaugonga. Karibu na mlango wa chumba chake ulikuwa mzima, sauti kavu kama siku ulipopigwa. Nikasogea, hatua moja, mbili, tatu. Debe tupu. Nikafika pembe ya mwisho, upande wa nje, chini ya boriti. Godoro. Ukuta haukujibu kitu. Nikapanda ngazi ya mti, nikachukua bisibisi, nikakigusa kichwa cha boriti pale kinapoingia ukutani, na bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini.

Nilijua kila kitu palepale. Mlizamu wa juu, ule mdomo unaotoa maji ya mvua ya sakafu ya paa, ulikuwa umepasuka na maji yalikuwa yanateremka ndani ya ukuta badala ya kumwagika njiani. Dawa yake naijua kama Fatiha. Kwanza unatengeneza mlizamu, kwa maana hutibu ukuta kabla hujafunga maji. Kisha unabandua plasta yote mbovu mpaka jiweni, unauacha ukuta wazi ukauke kiangazi kizima, unaegemeza dari kwa nguzo, unabadilisha boriti, ndipo urudi na chokaa, koti kwa koti. Miezi miwili, mitatu, kwenda na kurudi. Nami nilikuwa na siku nne.

Wallahi, nilikuwa na la kusema. Ningesema, "Mama, kazi hii kubwa, mimi nimefungwa Kendwa, tumwite fulani." Walikuwapo mafundi wa chokaa mjini, wazuri, tena waliofunzwa na yeye yeye mumewe. Lakini nilikumbuka maneno yangu ya barazani. Nikaona haya kusema kuwa siwezi. Tazameni basi, kwa kukimbia haya ndogo nikaitafuta hii kubwa ambayo nimezeeka nayo.

Nikaleta mbao na mabodi ya jipsam kwa gari ya hoteli. Nikapigilia fremu juu ya ule ukuta uliorowa, nikaufunika kutoka pembeni mpaka ulipokutana na plasta nzima. Mlizamu niliupaka saruji kidogo kwa kutokezea dirishani. Utepe, unga, msasa, rangi nyeupe. Siku ya nne mchana ukumbi uling'ara. Asha alipanda na chai, akashika mdomo. "Masha Allah! Fundi, utadhani nyumba mpya."

Nikaanza kukusanya vyombo. Sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Simai, umekwisha?"

"Nimekwisha, Mama."

"Uukabidhi basi."

Mkono wangu ukasimama kwenye kikapu. Nilikuwa nimesahau. Au nilikuwa nimejisahaulisha.

"Mimi siwezi kutoka, na wewe umo," akasema. "Nigongee wewe. Mimi nitasikia."

Nikasimama mbele ya ukuta wangu. Ningegonga bodi, angesikia debe, maana jipsam nyuma yake ni hewa. Basi nikajongea taratibu, kwa ncha za vidole vya miguu, mpaka pembeni mwa mlango, pale ambapo ukuta wa kale ulikuwa mzima, pale alipoupiga babu yake au mumewe, sijui, lakini si mimi. Nikagonga hapo. To, to, to. Nikanyoosha mkono, nikagonga juu kidogo, nikagonga chini, ili isikike kama natembea ukuta mzima. Nilikuwa mtu mzima mwenye mvi, nimesimama kiguu upande, nawagongea watu ukuta wao wenyewe na kuwaambia ndio wangu.



"Haya," akasema Bi Kazija. "Nimesikia."

Sikulisikia lile neno. Nilisubiri kidogo aseme "Naupokea," hakusema, na mimi nikajiambia mama wa watu amefiwa, ana huzuni, amesahau. Nikabeba kikapu, nikateremka ngazi mbili mbili, na Ijumaa Meneja alinikuta Kendwa nimesimama kama alivyotaka.

Masika ya mwaka ule hayakuwa na huruma. Asha akanipigia simu asubuhi moja, analia. Bodi zilivimba, zikapasuka, boriti ikakatika kwenye kichwa chake na kushuka na pande la dari pale pale mama yake anapotandika mswala. Mungu alimweka jikoni saa ile.

"Mvua kubwa mwaka huu, Fundi," Asha akaniambia. "Sijui tungefanya nini."

Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nikajibu, "Naam. Mvua kubwa sana."

Wakaja wakaguzi wa majumba, wakasema hapakaliki mpaka upande ule ujengwe upya, na nguvu hiyo Asha na mama yake hawakuwa nayo. Bi Kazija akachukuliwa Fuoni kwa Asha, akatoka kwenye nyumba aliyozaliwa akiwa na begi moja na mswala wake. Mlango ukapigwa kufuli. Mwaka wa pili paa la upande ule likashuka. Nilipokuja mjini nikawa napita njia ya mbali, nazunguka mpaka sokoni, nisiupite ule mlango. Na Fuoni sikwenda. Sikukuu nikipeleka salamu kwa simu, na unga na mchele kwa mkono wa mtu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi kifo kilichelewa, nikawa naumbuka peke yangu kila nikikunja kidole kugonga ukuta wa watu.

Nimestaafu sasa. Magoti hayapandi ngazi na kifua kimejaa vumbi la watu wengine. Majirani wananiuliza namna ya kutafuta fundi, nami nawapa yale yale. Fundi akija akaanza kuchanganya kabla hajagonga, mwambie ahsante, kwaheri. Akikuuliza rangi gani unataka kabla hajauliza maji yanatoka wapi, hivyo hivyo. Tundu dogo unaweza kuliziba mwenyewe: bandua kilicholegea, pangusa vumbi, rowesha ukuta, tia chokaa kidogo kidogo, ukuta wa chokaa kwa chokaa, wa saruji kwa saruji, na usiwe na haraka. Na akimaliza fundi, ugonge wewe. Usimwachie yeye. Wananishukuru, wananiita mzee wa busara, na mimi nainamisha kichwa, nao wanadhani ni unyenyekevu.

Mwaka jana nikaamka asubuhi baada ya kuswali, nikavaa kanzu, nikachukua kikapu changu kwa mazoea tu, nikenda Fuoni. Bi Kazija alikuwa amekaa uani anachambua mchele, amekuwa mdogo, macho yamepungua. Asha alikuwa kazini.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Simai?" Akaitambua sauti. "Karibu, mwanangu. Umepotea."

Nilikuwa nimejipangia maneno tangu garini. Yote yalinikimbia. Nikakaa chini mbele yake, nikasema, "Mama, siku ile sikugonga ukuta wangu. Niligonga pembeni mwa mlango."

Hakuacha kuchambua mchele. "Najua," akasema.

"Unajua?"

"Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya pazia, mwanangu, hatua mbili na mlango. Nisijue sauti inatoka wapi? Na ulipoteremka ngazi nilitoka, nikaugonga mwenyewe kutoka mwanzo mpaka mwisho."

"Sasa kwa nini hukusema?" Nilikuwa nalia, sioni haya kulitaja hilo moja. "Kwa nini hukumwita fundi mwengine?"

"Angekuja angebandua, angeona. Mji huu mdogo. Jina lako lingekwenda mpaka Makunduchi. Mwanafunzi wa marehemu, na marehemu hata eda yake haijesha." Akapuliza makapi kwenye ungo. "Na yeye alikuwa akisema siku zote, Simai hawezi kukaa na uongo, atarudi tu. Basi nikakungoja. Nilisema atarudi kabla ya masika."

Mtu amepoteza nyumba ya babu yake kwa kulisitiri jina langu, na mimi nimelitembeza jina hilo mahotelini.

"Nisamehe, Mama."

"Nshakusamehe zamani. Ningeswali vipi nna kinyongo?" Akaweka ungo chini. "Umekuja na mwiko?"

"Upo, Mama."

"Chumbani kwangu, ukuta wa kichwani unaumuka. Utazame."

Ilikuwa nyumba ya matofali, plasta ya saruji imeachana na tofali kwa upana wa mkeka, na bomba la choo nyuma yake linavuja kwenye kiungo. Niliyafunga maji kwanza. Nikabandua mpaka tofali, nikaacha ukauke. Nilikwenda na kurudi Fuoni wiki sita, kazi ambayo kijana angeimaliza kwa siku tatu, na sikumleta mtu wa kunisaidia. Nilichekecha mchanga mwenyewe, nikapiga koti la kwanza, nikalingoja, nikapiga la pili, nikalirowesha asubuhi na jioni lisipasuke.

Nilipomaliza nilimwita. Nikasimama kando na mikono nyuma.

Bi Kazija akaja na mkongojo wake, akauegemeza kitandani. Akaanza pembeni kabisa, chini, akiwa ameinama. Akagonga, akasogeza mkono shubiri moja, akagonga. Alifika mwisho wa ukuta, akapanda kidogo, akarudi. Mara mbili alipumzika akishika ukingo wa kitanda, nami nikataka kusema, Mama, basi, imetosha, nikaona sina haki ya kulisema. Pale penye plasta ya zamani hakugonga hata mara moja. Aligonga yangu tu, yote, mpaka pale mkono wake ulipofika juu.

Kisha akautazama mkono wake, akapangusa vumbi kwenye kanga.

"Huu naupokea," akasema.

Nikakusanya vyombo vyangu, nikaosha mwiko, nikaufunga kitambaa. Ule ukuta wa mjini sikumuuliza.